Mkono Uliotoka kwenye Sufuria

Nakumbuka asubuhi moja pale Naguru, mwanangu, katika nyumba za askari. Nilikuwa nasonga posho, ugali wetu wa huko, na Okot wangu, wa miezi minane, amelala mkekani analialia. Jirani yangu Mama Adong akaingia na kipimajoto chake cha kioo, kimefungwa kwenye leso.

"Mama Okot, macho ya mtoto huyu siyapendi. Tumpime."

Nikaacha mwiko, nikamgusa Okot kwenye paji la uso. Hana joto. "Mimi nimelea wadogo zangu wanne kwa mkono huu," nikamwambia. "Hicho kijiti chako kimelea wangapi?"

"Hakijalea hata mmoja. Lakini hakina kiburi."

Akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, Mungu amrehemu. Kabla ya adhuhuri Okot akashikwa na degedege mikononi mwangu. Nilipopiga kelele, ni yeye aliyekuja mbio, tukambeba mpaka hospitalini Mulago. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tunangoja, akauchukua mkono wangu, akauangalia.

"Asubuhi mkono huu ulikuwa umetoka kwenye sufuria. Mkono unaowaka utasikiaje moto wa mwingine?"

Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Okot alipona, lakini sikio la kushoto halikurudi. Leo ana mvi, na nikitaka kumwambia neno nazunguka upande wa kulia. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu mimi ni mtoto wa kumzaa.

Basi, mwanangu, mkono si mbaya. Kazi yake ni kukutuma ukatafute kipimajoto, si kukuzuia. Hiki cha siku hizi kinacholia, kiweke kwapani. Futa jasho kwanza, mbane mtoto mkono mpaka kilie. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kina haraka, ila mtoto akiwa ametoka juani au kuogeshwa, ngoja kidogo. Kwapani kikifika thelathini na saba na nusu, usimsubiri baba yake atoke kazini, mpeleke. Akikataa kunyonya, mpeleke hata kama namba ni nzuri. Na jirani akikuambia macho ya mtoto hayapendi, usimuulize amelea wangapi.

Mungu akulindie mwanao, masikio yote mawili, na wewe akupe sikio la kumsikia jirani.