Mkate wa Duka Lililofungwa

Mtu akiniambia kompyuta mbili zimekubaliana mara ya kwanza, mimi huanza kumchunguza yeye. Kiwanda chetu kiliuza mikate mitaa yote ya Eastlands, na kila asubuhi mashine kubwa iliyojaza chumba kizima ilichapisha karatasi ya dereva: duka hili mikate kadhaa, lile kadhaa. Kisha wakaja mafundi wenye tai, wakahamishia kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Wakalinganisha karatasi za mashine zote mbili, wakatangaza kwamba zimelingana kabisa.

Hapo ndipo niliposhuku. Mashine kubwa ilikuwa bado inapelekea mikate duka moja la mtaa wa Jericho lililofungwa zamani. Hakuna aliyejua kuliondoa humo ndani, kwa hivyo kila asubuhi mimi, karani, nililikata kwa kalamu kabla ya kumpa dereva karatasi. Kama zimelingana kabisa, basi hata ile ndogo ilikuwa nalo.

“Na lile duka la Jericho?” nikamuuliza fundi.

“Mzee, mambo ya kalamu yamekwisha. Karatasi ikitoka, inaenda kwa dereva moja kwa moja.”

Kesho yake dereva alishusha kreti za mikate Jericho, mahali duka lilipogeuka kanisa. Mchungaji alizipokea kwa maombi marefu, akatia sahihi, kisha akauliza kesho zitaletwa saa ngapi.