Kiswahili Nilichompa Dobi

Niliondoka Tanga kwenda Stockholm kwa ajili ya dobi mmoja asiyekuwepo duniani. Ni mwanamke wa riwayani, aliyetungwa na mwandishi wa kike wa visiwa vya Karibi, kule ambako Waingereza walilimisha watu miwa, kisha wakawaachia mizani ya ngozi: mweupe juu, maji ya kunde katikati, mweusi kwenye beseni la nguo. Miaka miwili niliitafsiri riwaya hiyo, kila nilipomaliza kusahihisha madaftari. Nilitaka wasichana wangu wa chuo cha ualimu wasome, kwa Kiswahili, kitabu ambacho mwanamke wa kufua ndiye mwenye hadithi. Wachapishaji wa Stockholm wakaniandikia: njoo tumalize mswada, zamu yako mtamboni ni mwezi huu. Nikikosa zamu hiyo, basi, nirudi kwenye foleni.

Saa nne asubuhi, uwanja wa ndege wa Arlanda. Ofisa aliupekua mswada ukurasa kwa ukurasa kana kwamba nimeficha bangi kwenye sura ya tatu. Akaniuliza kama nimekuja kusomea ukunga. Nikamwambia nimekuja kufundisha. Ulikuwa uongo, lakini alishaniudhi.

Mwenyeji wangu, Truphena, alinisubiri nje na koti la ziada mkononi. Ni Mkenya wa Kakamega, mke wa mwanafunzi wa uhandisi, naye mwenyewe akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

"Karibu Mwalimu. Vaa hii. Hapa baridi ni mingi sana."

"Baridi ni kali," nikamsahihisha, meno yakinigongana. Akacheka, akabeba sanduku langu.

Nyumbani kwake Hjulsta, mwisho wa reli. Treni ile ya chini ya ardhi ilikuwa mpya kabisa, na abiria walikaa kimya kama wako matangani. Truphena alinipikia ugali wa semolina, unga wa ngano, uliokataa kushikana. Nilikula, nikalalamika, nikaongezewa.

Siku ya pili, saa saba mchana, mjini. Mhariri alikuwa mwanamama aliyewahi kufundisha kwetu miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilinyooka. Nikamwita Bibi Mhariri.

"Hapa tumeacha vyeo," akasema. "Niite Birgitta tu."

Mimi nyumbani hata mwenye duka huniita Mwalimu, na sioni ubaya wake. Nikameza. Akafungua mswada.

"Huyu dobi wako! Nimecheka mpaka machozi. Kila akifungua mdomo!"

Nikahisi damu inanipanda. Dobi yule amezikwa akiwa hai na wanawe wawili, maana wamepanda ngazi ya rangi na hawamtambui tena barabarani. Kipi cha kuchekesha? Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti.

"Lakini maneno ni yako," Birgitta akasema, amenikodolea macho. "Mimi nimesoma tu ulichoandika."

Tukaahirisha hadi kesho yake. Njia nzima nilikuwa nikinung'unika peke yangu: Wazungu hawa, wanatufadhili ili watucheke!

Saa kumi jioni, jikoni Hjulsta. Nilimwaga hasira zote mbele ya Truphena, kisha nikampa ile sura aisome, awe shahidi wangu. Alisoma amesimama, viazi vikichemka. Hakucheka hata mara moja.

"Mwalimu," akasema, "huyu mama anaongea kama mimi."

Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akausoma.

"'Mimi nataka sema kitu moja.' Hii si mimi? Na wale wenye nyumba wote wanaongea kama wewe."

Nikajitetea. Nikamweleza kwamba kwenye riwaya yenyewe dobi anasema lugha ya kisiwani na matajiri wanasema Kiingereza cha shule. Mtafsiri lazima atafute tofauti mahali fulani.

"Sawa. Ukatafuta watu wa chini, ukapata sisi wa bara." Akapunguza moto. "Na hapa, akiwa peke yake mtoni, anafikiria tu. Kwa kichwa yake pia anafikiria makosa?"

Nikaurudia ukurasa ule wa mtoni. Nyani haoni kundule. Mimi mtu wa Pwani, niliyelelewa nikiambiwa kwamba Kiswahili ni cha kwetu na wengine wameazima, nilikuwa nimemshusha yule mwanamke ngazi nyingine, ambayo hata mwandishi wake hakuijenga. Niliona aibu, na aibu ikanikera kuliko baridi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mimi sijakasirika. Keti, viazi vimeiva."

Siku ya tatu, asubuhi. Nilimwomba Birgitta anirudishie mswada.

"Zamu yako itakwenda kwa mwingine," akasema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Ni kwa sababu nilicheka?"

"Wewe ulicheka. Aliyekuchekesha ni mimi."

Ndani ya ndege nilianza upya sura ya kwanza. Sasa dobi anafikiri kwa Kiswahili kilichotimia, cha mtu anayejua uchungu wake unatoka wapi. Wenye nyumba nimewapa Kiswahili cha barua za serikali: kimepigwa pasi, hakina joto. Kazi inakwenda polepole, nami nagombana na kila sentensi.

Nilichojifunza nakisema bila kukipamba. Mkoloni alipanga watu kwa madaraja, akafunga mizigo yake akaondoka, na kazi ile ya kupanga nikaendelea kumfanyia mimi, bila hata mshahara. Wanafunzi wangu huniuliza kitabu kiko wapi. Nawaambia bado. Wakitaka kujua nani amekichelewesha, Wazungu au serikali, nawajibu: mimi.