Insha ya Nafula na Kelele za Burma

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka bado nataka kuruka! Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya Kiingereza. Sikupewa na mjomba wala mbunge. Niliosha vyombo hotelini mchana, nikasoma jioni, hadi nikaipata. Nilipofungua darasa katika chumba kimoja Makongeni, niliitundika juu ya ubao, na mwanafunzi akichelewa alianza kwa kuisoma kwa sauti. Mgema alikuwa amesifiwa, mwanangu, na tembo ameshalitia maji.

Nafula alikuwa mwanafunzi wangu hodari. Babake aliuza nyama soko la Burma. Shule moja ya bweni ilikuwa na nafasi moja tu kwa msichana wa mtaa wetu, na angeipata atakayeandika insha bora ya Kiingereza kuhusu mtu anayempenda. Zilibaki siku tatu. Nilikuwa nimemkaririsha istilahi zote: nomino, kitenzi, kishazi, tashbihi, sitiari. Nikamwamuru aandike insha ya mazoezi, atie tamathali mbili katika kila aya. Akatia! Nikaichukua insha ile mbio hadi Burma, nikamtambie babake.

"Niaje, mwalimu! Leo ni mbavu ama paja?"

"Leo ni insha, Baba Nafula. Sikia mtoto anavyomwandika mamake!"

Nikamsomea, nikimfasiria kila sentensi. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, na heshima zako, huyu mama ni wa nani? Ati machozi ni lulu, ati macho ni nyota? Mama Nafula akilia anapanguza na aproni, anatuambia ni kitunguu. Hiyo ndiyo Nafula anajua. Umemfundisha mtoto majina ya sufuria zote, lakini hajapika."

"Mwalimu amechinjwa bila kisu!" jirani yake akapaza sauti, na kibanda kizima kikacheka.

Niligeuka niondoke, uso ukiniwaka. Baba Nafula akanishika mkono. "Usiende. Kaa hapo kwa benchi, usikie watu wakiongea."

Penye wengi pana mengi. Mmoja akaita, "Mama, nyama laini kama shavu la mtoto!" Tashbihi hiyo, kufananisha kwa 'kama'! Mwingine, "Ukionja hii utasahau jina la shemeji!" Chuku hiyo, kutia chumvi! "Mbavu zinakuita, buda, zimekungoja tangu asubuhi!" Tashihisi, mifupa imepewa ubinadamu! Na hakuna aliyekuwa amezitafuta tamathali hizo. Kila neno lilikuwa na kazi, kumsimamisha mteja. Nikapanda juu ya benchi nikizitaja kwa majina, na wauzaji wakashindana kunirushia nyingine. Mwanangu, moyo ulinidunda kuliko siku niliyopewa diploma!

Jioni nikamwambia Nafula, "Nilikupotosha. Hebu niambie mamako yukoje."

"Kwa Kiingereza, mwalimu?"

"Kwa vyovyote. Kiingereza tutakitafuta baadaye."

Akaniambia mengi, na siku ya shindano aliyaandika hayo hayo. Katika insha nzima alitia tashbihi moja tu: mamake akikasirika hunyamaza ghafla kama redio iliyokatikiwa na stima. Nafasi ikawa yake! Babake alifunga kibanda saa nane mchana, jambo ambalo Burma hawakuwahi kuliona, akaja darasani kunipa habari huku akihema.

Basi, mwanangu, jifunze istilahi. Mimi nazijua kuliko mtu yeyote kati ya Makongeni na Donholm, na sioni haya kusema. Bila hizo hutajua sentensi yako imevunjika wapi. Lakini anza na kile ulichokiona kwa macho yako, ukiseme kweli, ndipo utafute neno la kukibeba. Na ukikosolewa mbele za watu, usikimbie. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mungu aupe mkono wako wepesi na jicho lako subira, na kila utakayemwandika ajitambue.