Tundu Kwenye Ukuta wa Bosi

Mimi barafu sikuisoma kitabuni. Nimezaliwa Mufindi, si mbali na Nyololo, na kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta majani meupe pee, ukiyakanyaga yanalia chini ya kandambili. Mama yangu alikuwa na bustani ya viazi na kabichi. Alitutoa kitandani kabla jua halijachomoza, kila mtu na kopo lake, tukaimwagie maji miche ili ile barafu itoke kabla jua halijaipiga. Ukichelewa, saa nne majani yote yameshaungua. Tulilia, vidole vinauma, kamasi zinatiririka, na mama hana habari na sisi. "Jikaze!" anasema, basi. Nilimchukia sana asubuhi zile. Leo namshukuru.

Nikaolewa Mbeya, na kazi niliyoishia nayo ni kusimamia jengo la biashara pale Mbalizi, kando ya barabara kuu. Jengo lina fremu sita za maduka na zote zina wapangaji. Funguo zote ninazo mimi: za geti, za choo, za chumba cha mita, za mlango wa nyuma inapokaa ngazi ya kupandia paani. Ni fungu zito, linanivuta mfuko wa sweta mpaka sweta limepinda upande mmoja. Nikitembea wananisikia kabla hawajaniona, na ukweli nisiufiche, napenda wanisikie.

Mwenye jengo sote tunamwita Bosi. Ni mtu mwema, lakini jengo lake analiringia kama bibi harusi. Alipokuwa analijenga alikwenda Dar, akaona majengo ya kisasa yenye paa la kuficha. Hilo ni paa ambalo bati linalazwa chini, halafu ukuta unapandishwa kuzunguka pande zote mpaka ukiwa barabarani bati hulioni, jengo linakaa kama boksi. Yanapendeza, sikatai. Lakini jamani, Dar kuna mvua ya mawe? Huku kwetu ikianza Novemba inakuja mvua ya mawe ya kumwaga, uwanja unakuwa mweupe, watoto wanaokota wanatafuna. Sasa wewe chukua paa, lizungushie ukuta kama beseni, uliweke chini ya mvua ya namna hiyo. Na siyo Bosi peke yake. Ukisimama Mbalizi ukatazama huku na huku, nusu ya majengo mapya yako hivyohivyo, maana kila mtu anaiga kwa jirani.

La kwetu lilikuwa na ubaya wa ziada. Nyuma tumepakana na kiwanja cha mtu, maji hayaruhusiwi kumwagikia kwake, kwa hiyo mafundi waliliinamisha bati kuelekea mbele. Huko mbele, kati ya bati na ule ukuta wa juu, walitengeneza gata la zege, mfereji wa kukusanya maji ya paa, na maji yanashuka kwa mabomba mawili, moja huku, moja kule. Mvua ya kawaida, hakuna shida. Mvua ya mawe ikija, mawe yote yanateleza kwenye bati yanajaa gatani, yanaziba midomo ya mabomba, na maji yanayofuata nyuma yanakosa pa kwenda. Yanapanda, yanapita chini ya bati, yanaingia darini.

Mara ya kwanza iliangusha dari la jipsamu kwenye fremu ya tatu, ya dada mmoja fundi cherehani. Mara ya pili ikaangusha la fremu hiyohiyo, siku ambayo alikuwa amemaliza majoho ya kwaya ya kanisani kwao. Majoho meupe yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Yule dada alikaa juu ya stuli akayatazama tu, na mimi nikalia kwa niaba yake.

Bosi alikuja, akanigeukia mimi. Ati sikusafisha gata!

"Bosi, gata nalisafisha kila Jumamosi, uliza mtu yeyote hapa," nikamwambia. "Tatizo ni yale mawe. Tutoboe tundu kwenye ukuta wa mbele, chini kabisa, hapo katikati. Mabomba yakiziba, maji yatokee hapo."

"Jengo langu liteme mate barabarani? Thubutu!"

"Si bora liteme nje kuliko kuwatemea wapangaji ndani?"

Hapo nilivuka mpaka, najua. Mdomo wangu huu umeniponza sana maishani. Bosi akasema polepole, mbele ya wapangaji wote, "Mama, sikiliza. Maji yakiingia tena kwenye fremu hata moja, funguo zangu utanirudishia." Akaondoka. Nilikuwa na umri wa mtu ambaye hapati kazi nyingine tena, na alilijua hilo.

Basi nikajipanga. Nikatafuta mabeleshi mawili, nikayaweka nyuma ya mlango pamoja na makarai. Kwenye fremu ya mwisho kulikuwa na kaka mchomeleaji mageti, mtu wa utani mwingi, nikamwambia wingu likiwa jeusi asiondoke. "Kamwene mama wa Iringa," akanitania kwa salamu ya Kihehe, "unaogopa mvua?" Nikamwambia mvua siiogopi, namwogopa Bosi.

Ikaja siku yenyewe, mchana, saa nane hivi. Wingu lilishuka kutoka mlimani likiwa na rangi ile mbaya ya kijanikijani, ubaridi ukaingia ghafla, mbwa wakajificha chini ya magari. Tone la kwanza halikuwa tone. Lilikuwa jiwe, likapiga boneti ya gari pale mbele, paa! Halafu yakaja yote kwa pamoja. Kelele ya mawe kwenye bati ukiwa chini yake huwezi kumsikia hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Watu wakakimbilia ndani ya fremu. Mimi nikakimbilia ngazi.

Nilijivika karai kichwani. Yule kaka akavaa barakoa yake ya kuchomelea. Laiti ningekuwa na picha! Karai linalia ngo! ngo! ngo! mpaka nikahisi ubongo unahama, na yeye anapanda nyuma yangu na lile liuso jeusi kama kinyago. Hofu yote niliyokuwa nayo, bado nilicheka.

Huko juu kicheko kiliisha. Gata lilikuwa halionekani. Barafu ilikuwa imejaa kutoka ukutani mpaka juu ya bati, nyeupe, nikizama inafika magotini. Tukaanza kuchota na kutupa nje ya ukuta, chota tupa, chota tupa. Mawe mapya yakawa yanateleza yanajaza pale pale tulipotoa. Nikazibua mdomo wa bomba la kulia kwa mkono mtupu, ukaziba kabla sijauondoa mkono. Vidole vilikufa ganzi kama vya bustanini kwa mama, na chini ya barafu nilihisi maji yakipanda kwenye miguu yangu.

Mvua ya mawe ikapunguza kelele kidogo, ndipo nikasikia sauti ya fundi cherehani kutoka chini. Alikuwa amesimama mlangoni kwake anapiga mayowe.

"Mama! Dari limevimba! Mama, linashuka!"

Kichwa kilipata moto. Niliona majoho, niliona stuli, niliona mkono wa Bosi umenyooshwa unadai funguo. Nikamwambia yule kaka, "Lete nyundo yako kubwa."

Akainua barakoa. "Mama, ukuta wa Bosi huo. Na hapo kwa nje ndipo jina la jengo lilipoandikwa."

"Hayo hayanihusu ndewe wala sikio. Kama unaogopa, niletee tu kisha ushuke zako."

Hakuniacha. Alishuka kuifuata nyundo akarudi mbio, akaanza kuniondolea barafu kwa beleshi mpaka chini kabisa, mahali pa katikati ambapo gata limebonyea. Nikamsogelea Mungu kwa maneno matatu, nikainua ile nyundo. Pigo la kwanza, plasta tu. La pili, likanirudi mpaka kwenye meno. Nikamkumbuka mama yangu na kopo lake, nikasema kwa sauti, "Jikaze!" Sijui nilimwambia nani. Pigo la nne tofali likapasuka, la sita likatoka zima likaangukia nje.

We acha tu! Maji yalitoka na kishindo, yakabeba barafu, yakabeba na vipande vya plasta, yakaruka mbele ya jengo yakamwagika kwenye marumaru kwa chini. Chini ya miguu yangu gata likaanza kushuka kama sinki lililozibuliwa. Yule kaka akapiga vigelegele, mwanamume mzima! Na mimi nikapiga, karai kichwani, nimelowa mpaka chupi, na watu wa ng'ambo ya barabara wanatutazama wanadhani tumerukwa na akili.

Mvua ikakatika ghafla, kama kawaida yake. Mbele ya jengo palikuwa na kilima cha barafu, na marumaru zinateleza hatari. Nikashuka, nikachukua gunia la pumba za mpunga kwa muuza mchele wa Chimala wa fremu ya pili, nikazimwaga kuanzia mlangoni mpaka barabarani ili mtu asije akavunjika kiuno. Halafu nikaingia kwa fundi cherehani. Dari lake lilikuwa limevimba, lakini lilikuwa limeshikilia. Sakafu ilikuwa kavu. Alinikumbatia nikiwa nimelowa hivyohivyo, akaniambia, "Leo umeniokoa, mama yangu." Nilijisikia mrefu kuliko lile jengo.

Ndipo gari la Bosi likafika. Mtu alikuwa amekwisha kumpigia simu. Alishuka, akasimama kwenye pumba, akainua uso akaliangalia tundu lililopita katikati ya jina la jengo lake. Bado lilikuwa linatema. Sikumngoja aseme. Nikatoa fungu la funguo mfukoni, nikampa mkononi.

"Funguo zako hizi, Bosi. Ukuta nimevunja mimi, huyu kaka hana kosa. Lakini maji hayajaingia. Zunguka mwenyewe uone."

Akazunguka. Fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, kila mahali anainama anagusa sakafu kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alipotoka akasimama kutazama jengo la ng'ambo, lile lenye paa la kuficha kama letu. Wapangaji wa kule walikuwa wanatoa mali nje zinachuruzika maji, magodoro, madaftari, viroba vya sukari. Kisha akazunguka nyuma, tukasikia ngazi inalia. Bosi alikuwa anapanda paani na viatu vyake vya kung'aa.

Nikamfuata, maana bado ni mtu wangu, asije akaanguka. Nilimkuta amesimama kwenye gata, barafu iliyobaki imemfika kwenye soksi, anaangalia upande wa fremu ya sita. Huko maji yalikuwa bado yametuama.

"Tundu moja halitoshi," akasema.

"Mambo ya tundu nilikuambia zamani."

"Najua uliniambia." Akakohoa. "Nyundo iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaiinua kwa mkono mmoja, ikamshinda, ikamvuta nusura aende nayo. Mkono wa pili ulikuwa umeshika funguo. Akanigeukia, uso umemwiva, akanyoosha lile fungu kwangu.

"Mama, nishikie hizi."

Nikazishika. Ninazo mpaka leo.