Ukuta Unaotazama Barabara

Wiki iliyopita, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbinga, mjane mmoja wa Kingerikiti aliomba saruji ya kupiga lipu ukuta mmoja. Matofali ya nyumba yake ya zamani yanamomonyoka kwa nje.

"Ule wa nyuma, unaopigwa na mvua?" akauliza mwenye duka.

"Wa mbele, baba. Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu."

"Watalala chumba gani?"

Mama alishika kidevu. "Cha nyuma."

"Basi asubuhi utawafukua chini ya matofali."

Mama akacheka, akakaza khanga. "Nipe ya nyuma. Mbele nitasiriba udongo mwekundu."

Saruji tuliyokuwa tukiiombea kibali serikalini enzi za uhaba sasa imejaa madukani, na wengi tunaimalizia upande wa barabara. Nasikia wageni wale waliamka wazima, na binti akaposwa.