Afande wa Wandegeya: kwa nini gemu nimelitoa bila picha wala sauti, naeleza mara moja tu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kila wiki inbox yangu inajaa swali lile lile. "Mkuu, nimeshusha lile gemu la trafiki, nimeliweka kwenye kimashine, mbona likiwaka ni kioo cheusi?" Wengine wanaongeza na matusi, kwamba nimewapa sufuria bila ugali.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia link ya uzi huu.

Hii si chai, si stori ya kutunga. Majina ya watu nimebadilisha kwa sababu wapo hai, isipokuwa mmoja ambaye hayupo. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni Mkenya wa Busia, lakini Kampala nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Nina kibanda Kawempe, natengeneza simu na kompyuta. Zamani kabla ya kibanda nilikuwa nimeajiriwa kwenye cyber moja ya Bombo Road, na hapo ndipo nilipokutana na Kizito.

Kizito alikuwa Mganda, ila alikulia kambi ya polisi Naguru kwa sababu baba yake alikuwa trafiki. Mnaowajua Waganda wa umri wetu mnajua wengi wao Kiswahili hawataki hata kukisikia, kinawakumbusha mtu mwenye bunduki. Lakini mtoto wa kambi hana hiari. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, ngeli zote zimechanganyika, na anakiongea kwa raha kuliko mimi niliyefundishwa kwa kiboko.

Mke wake, Akello, ni Mwacholi, naye binti wa polisi wa kambi hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nawaita shemeji na kaka, nikila kwao Jumapili.

Huyu Kizito alitengeneza gemu, akaliita Afande wa Wandegeya. Enzi zile kompyuta ni za mezani, kioo kinene kama TV. Wewe ni trafiki, umevaa nyeupe, umesimama katikati ya junction ya Wandegeya, hapa Kampala, taa zimekufa. Magari yanakuja pande nne na wewe ndiye unayeamua nani apite. Ukizubaa kidogo, boda wanapanda mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Picha zote alichora kwa mkono wake akaziscan pale cyber. Sauti zote ni zake. "Wewe wa lori, simama kando!" "Mama wa ndizi, pita haraka!" Ukishindwa, hakuna maandishi ya game over. Unasikia afande mkubwa kwenye radio call, ambaye ni Kizito huyo huyo amekaza koo, anasema taratibu: "Rudi kambini upumzike. Kesho utajaribu tena."

Lilikuwa gemu la kuuza, si la bure. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma CD. Nyuma ya jalada aliandika: Haki zote ni za Kizito, usikopi bila ruhusa. Tulicheka sana na hayo maandishi, maana cyber yetu yenyewe ilikuwa inaishi kwa kukopi vitu vya watu.

Halafu akaugua, na hakukaa sana.

Wiki ile ile ya msiba ndugu zake walikuja na pick-up wakachukua viti, friji, na kompyuta na kila kilichokuwa ndani yake. Akello akabaki na mabinti wawili na kitanda. Mimi nilikuwepo. Nilisaidia hata kufunga kamba. Sikusema neno, nikajiambia haya ni mambo ya ukoo, mimi mgeni wa watu.

Baada ya hapo niliona aibu kwenda kwake. Mwanzo nilisema nitaenda mwisho wa mwezi. Ikapita miaka.

Sasa tuje kwenye gemu.

Miaka hii vimeingia vile vimashine vya mkononi vya kuchezea gemu, vya Kichina, vinaingia mfukoni. Mtandaoni kuna watu kazi yao ni kuchukua magemu ya zamani ya kompyuta na kuyafanya yaende kwenye hivyo vimashine. Hiyo ndiyo wanaita port. Nikanogewa.

Nilikuwa na CD moja ya Kizito, ile ya kwanza kabisa tuliyotumia kuchomea nyingine. Code yake aliyoandika ilikwenda na pick-up. Kwa hiyo nikaandika engine upya kutoka sifuri, nikitazama gemu lake linavyokwenda na kuliiga. Miaka mitatu ya Jumapili zangu zote. Pande nne za junction zikakaa kwenye vitufe vinne vya kimashine, wala sikulazimisha.

Wakuu mnisikilize hapa, maana ndipo penye swali lenu la leseni.

Gemu lina vitu viwili. Kuna engine, yaani zile amri zinazoliendesha. Hiyo niliandika mimi, ni yangu, naweza kuwapa. Halafu kuna picha na sauti. Hizo ni za aliyezitengeneza, hata kama engine ni yangu na CD iko mkononi mwangu. Kununua CD ni kununua ruhusa ya kucheza, si ruhusa ya kugawa. Ndiyo maana ports nyingi za magemu ya Wazungu zinakuja tupu, unaambiwa uweke mwenyewe mafaili ya gemu ulilonunua.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Someni tena: nilikuwa nayajua.

Akatokea mzee mmoja mwenye duka la electronics mjini, anaagiza hivyo vimashine. Aliliona gemu kwenye kibanda changu akacheza mpaka chai ikapoa. Akasema atavileta vingi kabla ya likizo ya shule, na kila kimoja kiwe na Afande wa Wandegeya ndani. Ila nimletee barua ya mwenye haki, hataki kesi.

Nikasema barua si tatizo.

Waganda mtu akifa, baadaye ukoo unafanya sherehe ya kumaliza msiba. Siku hiyo anatangazwa mrithi, wanamwita musika. Kizito alikuwa na mabinti tu, kwa hiyo ukoo ulimteua mtoto wa kaka yake. Siku ya Kizito nilikuwepo kijijini upande wa Masaka, nyuma kabisa ya umati. Nilimwona amesimama mlangoni kavishwa lubugo, lile vazi la gome la mti, kashikishwa mkuki. Wazee wakasema huyu ndiye Kizito sasa. Watu wakampigia magoti, wakaanza kumwita baba, na yeye ni fundi wa matofali.

Mimi kichwani mwangu nikaandika: mrithi ni huyu. Mrithi ndiye mwenye mali. Basi.

Nikamfuata musika hapo hapo Kawempe alipokuwa anajenga. Nikamweleza nusu saa. Akafuta mikono kwenye suruali akasema, "Hakuna shida, ssebo. Leta kalatasi nisaini."

Tukaenda kwa chairman wa LC, yaani mwenyekiti wa mtaa, akatugongea muhuri. Wakuu, Uganda barua ikipigwa muhuri wa LC mtu unalala usingizi. Nikalala.

Niseme na lile nisilopenda kusema. Namba ya Akello nilikuwa nayo, haijawahi kufutika kwenye simu. Nilienda kwa musika kwa sababu ya lubugo, sawa. Lakini nilienda pia kwa sababu musika hakuniona nikifunga kamba.

Vimashine vikaingia, vikauzwa. Nilifurahi karibu mwezi mzima.

Akello siku hizi ni muuguzi kwenye kliniki ya watoto upande wa Nsambya. Mchana mmoja alikuwa anamchoma sindano msichana mdogo, na mama wa mtoto kampa kimashine acheze asilie. Akello kashika mkono wa mtoto, sindano tayari, mara akasikia mume wake anasema, "Wewe wa lori, simama kando!"

Alinipigia jioni ile. Hakuna salamu, hakuna habari za miaka mingi. "Shemeji, leo nimesikia Kizito. Kesho kuja."

Nilienda. Anapanga chumba na sebule chini ya kilima. Alinipa chai, akakaa, akanieleza hiyo ya sindano. Alisema ilibidi amwite mwenzake amalizie.

Nikatoa barua yangu ya muhuri. Akaisoma yote mpaka chini. Akaenda chumbani akarudi na karatasi ndani ya plastiki, letters of administration kutoka mahakamani. Mwenye mamlaka juu ya mali yote ya marehemu ni yeye. Aliifukuzia karibu miaka miwili baada ya ile pick-up, peke yake, na mabinti wawili.

"Musika walimpa mkuki na lubugo," akasema. "Gemu hapana. Mimi nilikuwa nakaa hapo chini kwa mkeka, niliona vitu yote walimpa."

Nikaikunja barua yangu nikairudisha mfukoni.

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

Nikasema nilikuwa nayo.

"Haya," akasema. Akanimiminia chai nyingine.

Wakuu, nimetukanwa na wateja wa kila aina, lakini sijawahi kuumia kama kwa hiyo chai. Nilitamani apige kelele. Nikamwomba msamaha kwa gemu, halafu nikamwomba kwa ile siku ya pick-up. Kwa ya gemu aliitikia. Kwa ya pick-up alitazama tu mlangoni.

Kesho yake nilifuta gemu kila mahali nilipoliweka mtandaoni. Nikaenda kwa mzee wa electronics nikamwambia ile barua ni ya mtu asiye na haki. Alikasirika, na ni haki yake. Kwenye vilivyobaki dukani aliliondoa, akaweka gemu la mpira. Vilivyokwishauzwa vimekwenda, siwezi kuvirudisha, na hilo linanikera mpaka leo.

Niliporudi Nsambya kumpa ripoti, nilimuuliza kama angependa kusaini yeye, tufanye kihalali, na faida iwe yake. Akasema atafikiri. Halafu naye akauliza.

"Ile sauti yote unayo?"

Nikasema yote, ipo kwenye CD.

"Mimi sina hata moja. Picha yake iko, lakini picha hapana ongea."

Mwenye haki zote hakuwa na gemu. Mwenye gemu hakuwa na haki hata moja. Na mwenye haki alikuwa ananiuliza mimi kwa upole, kana kwamba yeye ndiye anayeomba.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea kimashine chenye gemu zima, na ile CD ndani ya jalada lake. Nikamwonyesha vitufe. Akacheza vibaya, kama wote tunavyoanza. Malori yakajaa, boda wakapanda njia ya miguu, na kutoka kwenye kile kispika kidogo Kizito akasema: "Rudi kambini upumzike. Kesho utajaribu tena."

Akaanza upya, akashindwa. Akaanza tena. Nikataka kumwelekeza, nikamwangalia vidole. Hakuwa anabonyeza chochote. Alikuwa anawasha gemu na kuacha magari yarundikane, anangoja kushindwa.

Nikaaga nikaondoka. Hakuinua uso.

Hajasaini mpaka leo na sijamuuliza tena. Siku akitaka, ataniambia.

Engine nimeirudisha mtandaoni, hiyo ni jasho langu. Mwenye CD halisi ya Kizito aliyoinunua zamani aweke mafaili yake na atacheza vizuri tu. Kama huna, pole.

Somo langu ni fupi kwa sababu limenichosha. Ukitaka kuport gemu la mtu, tafuta kwanza nani hasa ana haki, usitosheke na mkuki wala muhuri. Na kama kuna mtu unaona aibu kumuuliza, anza na huyo.

Wanasheria mliomo humu, na wenye uzoefu wa kazi za marehemu, karibuni mchangie. Mje na yaliyowakuta, kejeli ziacheni nje.

Ila msiniandikie tena inbox kwamba nawaficheni full version. Siku ile Nsambya, kabla sijamkabidhi CD, nilifuta nakala zangu zote. Hata mimi nikiliwasha hapa kibandani, ni kioo cheusi.