Usiseme Hukuwa na Kazi

Nakumbuka asubuhi moja nilivyovaa blauzi yangu ya kanisani juu na kitenge cha shambani chini, nikakaa mbele ya laptopu ya binti yangu Kemi, nikisubiri kuulizwa maswali na mtu aliyekuwa Dar es Salaam. Usicheke, mwanangu. Kemi ndiye aliyeniambia wataniona kuanzia kifuani kwenda juu, na mimi nikaona hakuna haja ya kuichosha sketi. Ndizi za mchana nilikuwa nimeshazibandika jikoni. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya, nami nikawa naomba moyoni mvua isinyeshe, maana sisi wa Bukoba tunajijua: ikianza kupiga bati, hata Malaika Gabrieli akikupigia simu humsikii.

Nakusimulia haya kwa sababu ya neno ulilonitamkia Jumapili baada ya ibada. Ulinishika mkono ukaniambia unatafuta kazi ya kufanyia nyumbani, watoto sasa wamekua, lakini unaogopa kutuma maombi. "Mama, nitawaambia nini? Miaka yote hii sikuwa na kazi." Ulisema huku ukicheka. Mimi sikucheka, wala sikukujibu, maana watu walikuwa wengi na mimi nikianza habari hizi simalizi vizuri. Leo tuko wawili, ngoja nikujibu.

Ujanani nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja pale mjini. Nilitoka kwetu Muleba na cheti changu na vidole vyepesi. Bosi alikuwa hajamaliza sentensi, mimi nimeshaipiga chapa. Nikaolewa hapa Kibeta na Baba Kemi, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye leo yuko nyumbani, kesho yuko visiwani. Watoto wakaja. Wa tatu alikuwa Asimwe. Kabla hajaanza kutembea, vidole vyake vilivimba, akawa analia ukimgusa, na daktari akatuambia ni selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mtoto wa namna ile na baridi ya mvua za huku havipatani hata kidogo. Ofisi haikuweza kumsubiri mtu ambaye kila mara yuko wodini, nikaacha kazi. Siwalaumu.

Asimwe alifika darasa la sita. Tukamzika kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, pale migomba inapoanzia, kama tunavyozika watu wetu wote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Wenzake walipokua wakaondoka mmoja mmoja, na nyumba ikapoa. Nikatamani kazi, mwanangu, nikaitamani kama mtu anavyotamani chakula. Dada yangu alinitafutia nafasi ya kazi Mwanza nikakataa. Ningemwacha mama mkwe wangu, Ma Eunike, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na ningemwacha Asimwe. Ndiyo, najua kaburi halihitaji mlezi. Wewe sema tu. Ndipo Kemi akanitafutia hizi kazi za mtandaoni: unatumiwa sauti za watu waliohojiwa, unazisikiliza, unaziandika, unazirudisha. Nyingine zilikuwa za Kihaya, za kuandikwa kwa Kiswahili. Nikasema, hii sasa ndiyo yangu.

Basi yule mtu wa Dar alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake. Akaniamkia, akaniuliza hili na lile, nikajibu vizuri. Kisha akasema, "Mama, naona hapa katikati kuna miaka mingi hujaandika chochote. Ulikuwa unafanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nililelewa kwamba binti hajisifu mbele ya watu. Chema chajiuza, mama yangu alikuwa akisema, kibaya chajitembeza. Tena niliogopa. Nilijua nikimtaja Asimwe nitalia, na yule kijana atadhani naomba kazi kwa machozi. Nikacheka kidogo, kama ulivyocheka wewe Jumapili.

"Aa, sikuwa na kazi, mwanangu. Nilikuwa nyumbani tu."

"Sawa, mama. Tutakujulisha."

Hawajanijulisha mpaka leo.

Nilipofunga laptopu nikageukia dirishani, nikamwona Ma Eunike. Alikuwa ameinama kwenye kaburi la Asimwe, anang'oa magugu kama ilivyokuwa desturi yake. Dirisha lilikuwa wazi, na alikuwa amesikia kila neno. Akaacha magugu palepale, akaingia ndani polepole akishika ukuta, akaketi. Nikapiga magoti nikampa pole ya kazi. Hakuitikia. Kwetu mama mkwe asipoitikia salamu yako, jua kuna jambo, tena si dogo.

"Mukamwana," aliniita, kwani ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto, "hukuwa na kazi?"

Nikajifanya namkung'uta udongo kwenye kitenge chake.

"Huyu aliyelala hapo nje, aliuguzwa na nani?"

Mawe, mama yangu! Afadhali angenipiga kofi. Nikaanza kujitetea, oo, mama, ni namna ya kusema tu, watu wa ofisini hawataki habari za nyumbani. Akanikatiza.

"Kuzaa si kazi, kazi kulea. Hilo mnalivaa kwenye khanga, halafu mkiulizwa mnasema hamkuwa na kazi. Umemwambia mtu wa mbali kwamba mjukuu wangu hakuwapo."

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile, na nilikuwa nimeishi humo tangu niolewe. Alikuwa hanitazami, anatazama mikono yake yenye udongo.

"Mimi nilizaa mtoto kabla ya mume wako. Alikufa akiwa bado anatambaa. Wakubwa wakaniambia nisimtaje, nitajifunga uzazi. Nikatii. Watu wakiniuliza watoto wangu, nawataja wanaotembea. Baba yake akafa, mama yangu akafa. Sasa hakuna mtu duniani anayejua kwamba alizaliwa isipokuwa mimi. Hata kaburi lake silioni. Migomba imepita juu."

 Nilimshika miguu, tukalia wote wawili mchana kweupe, mpaka tukasikia harufu ya ndizi zinaungua jikoni.

Baada ya hapo nilitafuta kazi kwa muda mrefu. Nilikutana na matapeli pia, wale wanaotaka utume kwanza hela ya kujisajili. Mwanangu, kazi inayoanza kwa kukuomba hela ikimbie. Hatimaye watu wengine wakaniita. Safari hii alikuwa mwanamke, na swali lilikuwa lilelile.  Nikamwambia hivi:

"Nimelea watoto wanne. Mmoja aliitwa Asimwe, alikuwa na selimundu. Alikuwa hapendi kunitia hofu, kwa hiyo akiulizwa anasema hajambo. Nikajifunza kumsikiliza. Akisema 'sijambo, mama', mimi nilijua kwa sauti yake tu kama maumivu yako njiani, nikaanza kuchemsha maji na kutafuta gari kabla hajalia. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote unayoiona haina kitu. Mwanangu nimemzika. Nyinyi mnatafuta mtu wa kusikiliza, na kusikiliza ninajua."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Yule dada akatoweka kwenye kioo, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe naye alikuwa anajifuta. "Pole sana, mama," akasema, akanitumia sauti moja ya kujaribia.

Nikatoka nje. Ma Eunike alikuwa barazani anapukuchua maharage. Hakuniuliza kama nimepata kazi.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja, mama."

Akaendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Wangu aliitwa Mugisha." Akalirudia tena taratibu, kama mtu anayejaribu kuona kama mdomo bado unalijua. Nilikuwa mtu wa kwanza kulisikia tangu ujana wake.

Kazi niliipata, na ndiyo inayonilisha hadi sasa. Lakini Ma Eunike hakukaa sana. Alituacha kabla ya msimu wa senene wa mwaka ule. Siku ya mazishi, wanaume walipokuwa wanaandaa wasifu wake wa kusomwa, nikaenda nikapiga magoti mbele yao nikawaambia watoto wameandikwa pungufu. Wakanishangaa. Shemeji yangu mmoja akaniuliza kwa ukali, "Mugisha ndiye nani?" Nikamwambia, "Ni kaka yenu." Walibishana, mwanangu, wapo walioona namletea marehemu mambo ya aibu. Baba Kemi ndiye aliyesema, "Andikeni." Na mbele ya majirani wote na mchungaji, ikasomwa: marehemu alijaliwa watoto saba, wa kwanza akiwa Mugisha. Watu waliguna. Mimi nililia kwa sauti, kwa sababu mama wa watu alibeba jina lile peke yake mpaka uzeeni, na siku linasomwa hadharani, yeye hasikii.

Sasa nisikilize. Kazi za nyumbani zipo, zitafute, wala usione umri wala miaka iliyopita. Ukiipata, waambie majirani saa zako, maana kwao mwanamke aliye nyumbani ni mtu wa kutumwa. Lakini kukiwa na msiba, iache kazi uende. Na wakikuuliza ulikuwa wapi miaka ile, usicheke. Chema chajiuza sokoni ambako watu wanakishika kwa mkono. Kwenye simu usipokisema, nani atakiona? Waambie uliwalea nani, ulimuuguza nani, ulijifunza nini kwa kuwaangalia. Tena najua una mmoja ambaye humtaji. Usishtuke, mama yako aliniambia. Mtaje na huyo. Wakikunyima kazi, wakunyime ukiwa umesema kweli, utalala. Mimi nilinyimwa nikiwa nimemkana mtoto, na usingizi ulinikataa.

Haya, nenda ukaandike maombi yako. Mungu ayape kibali machoni pa watakaoyasoma. Akupe kazi isiyokutoa nyumbani kwako na mkate usio na majuto. Na hao aliokubakizia, waishi, wazeeke; siku yako ikifika wakuzike wao, usiwazike wewe.